Wazamiaji wa Bwawa na Harusi ya Ruiri

Nilipostaafu, vijana wa matengenezo waliniomba niwaandikie jinsi kazi ya kuzamia ilivyoanza pale bwawani. Nadhani walitaka kurasa mbili za kubandika ukutani karibu na ratiba ya zamu. Nimeandika zaidi ya hapo, kwa sababu kuna jambo ambalo halimo kwenye faili yoyote ya ofisi, na lile lililomo kwenye faili si kweli. Habari za vyeo nitaziruka. Vyangu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Mimi ni mtu wa Kibugu, kule juu Embu ambako mashamba ya chai yanaishia na msitu wa Mlima Kenya unaanzia. Maji tuliyoyajua sisi ni ya mto unaotoka mlimani, yanafika magotini na baridi yake inauma mpaka kwenye meno. Hakuna mtu wa kwetu aliyeogelea. Mtu aliingia mtoni akiwa na sabuni na akatoka mbio. Kwa hiyo nilipoajiriwa kama fundi mdogo wa mitambo kwenye bwawa moja la umeme huku chini Mbeere, sikuwa na habari kwamba siku moja nitalipwa kwa kukaa ndani ya maji.

Nilichaguliwa kwa kosa la masikio. Ilikuwa mwezi wangu wa pili. Joto lilikuwa kali, mashine zilikuwa zinanguruma, na injinia alikuja akapiga kelele swali moja. Mimi nilisikia, "Nani hajapewa maji?" Nikainua mkono juu kabisa, kwa kuwa nilikuwa na kiu tangu asubuhi. Kumbe alikuwa ameuliza, "Nani haogopi maji?" Mkono mwingine ulioinuka ulikuwa wa Kirimi. Yeye alikuwa amesikia vizuri.

Kirimi alikuwa kijana mwenzangu kutoka Ruiri, upande wa Buuri kule Meru. Kwao ni ng'ombe na mahindi, na maji yalikuwa yanabebwa na punda. Alikuwa mrefu, mpole, na akicheka alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Tulipotoka pale nilimwuliza kama anajua kuogelea.

"Hapana," akasema. "Lakini hakuuliza kama tunajua. Ameuliza kama tunaogopa."

Mpaka wakati ule, kampuni ilikuwa inaita wazamiaji kutoka nje kila lango la bwawa likikwama, na walikuwa wanachukua wiki kufika. Sasa walitaka watu wao wenyewe. Wakatupeleka pwani ya kusini, Shimoni, tukafundishwe miezi mitatu kwenye visiwa vya huko: Wasini, na vile vidogo vilivyo mbele yake, Mpunguti na Kisite.

Aliyetufundisha aliitwa Mwalimu Bakari, mzaliwa wa Wasini. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, ameshazamia meli zilizozama, ameshatengeneza nguzo za gati, na wakati huo alikuwa anawatembeza watalii kwenye matumbawe. Alitutazama tulivyoshuka kwenye gari na makoti yetu ya baridi ya mlimani, akamwuliza dereva kama hao ndio wote.

Wiki ya kwanza hatukuona mtungi wa hewa. Alituweka kwenye maji ya kiunoni, tujifunze kuelea, na watoto wa Wasini wakakaa kwenye mawe kututazama kama watu wanaotazama mpira. Kuna kitoto cha kike, labda cha miaka sita, kilichokuwa kinatupita kikiogelea chali huku kinakula embe. Sikuwahi kudharauliwa hivyo tena maishani mwangu, hata na wahasibu.

Wiki ya tatu tulishuka. Nimewahi kujaribu kumweleza mke wangu jinsi ilivyokuwa na huwa nashindwa. Ukiwa mita kumi na tano chini ya maji karibu na Kisite, unainua macho na unaona tumbo la mashua yenu, kamba ya nanga, na hata mtu aliyeinama kuchungulia. Samaki wa kila rangi wanapita bila kukujali. Pono wanatafuna matumbawe na sauti yake unaisikia kabisa, kama mtu anayetafuna mahindi makavu kwenye chumba cha pili. Alipita kasa mkubwa, taratibu, kama mama anayetoka kanisani. Nilisahau kuogopa. Kisha nikakumbuka, nikavuta hewa haraka mno, na Mwalimu Bakari akanishika mkono na kuubonyeza polepole, mara moja, mara mbili, mpaka pumzi yangu ikafuata vidole vyake.

Lakini hakutuacha tufurahie muda mrefu. Alikuwa ameuliza maji ya bwawa letu yakoje, na Kirimi akamwambia ukweli.

"Yakoje?" aliuliza.

"Kama chai ya maziwa, Mwalimu."

"Basi raha imekwisha," akasema. Kesho yake alichukua miwani yetu ya kuzamia akaipaka rangi nyeusi kwa ndani. Kuanzia siku hiyo tulizamia kwenye maji mazuri kuliko yote nchini tukiwa kama vipofu. Alitufungia boliti kumi kwenye kipande cha chuma, akakishusha chini, nasi tukazifungua na kuzifunga tena kwa kupapasa. Nilipoangusha spana alinijulisha kwa kuvuta kamba ya kiunoni mwangu kwamba nisipande bila hiyo. Niliitafuta kwenye mchanga kwa vidole mpaka nikaipata, na mpaka leo najua umbo la spana ya kumi na saba kuliko umbo la sikio langu.

Alitufundisha kubana pua na kupuliza kabla sikio halijaanza kuuma, maana likishauma umechelewa. Alitufundisha tusipande kamwe kwa kasi kupita mapovu yetu madogo kabisa. Na alitufundisha lugha ya kamba, ambayo bado mnaitumia: mvuto mmoja, niko sawa; miwili, nilegezee; mitatu, napanda; minne, nivuteni sasa hivi na msiulize. Watalii hawahitaji kamba. Yeye aliileta kwa ajili yetu, kwa sababu alijua kwetu hatutaonana.

Tuliporudi bwawani, mara yangu ya kwanza kushuka kwenye maji yetu nilifika mita mbili na mwanga ukaisha. Baada ya hapo ni rangi ya kahawia, kisha ni giza. Ukuta wa bwawa unausikia kwa kiganja, wa baridi na wenye utelezi. Kazi yetu ilikuwa kusafisha wavu wa vyuma unaozuia takataka zisiingie kwenye mitambo, kukagua malango, na kufunga boliti zilizolegea. Wavu ule umeshanipa magogo, magunia, baiskeli mbili, sufuria ya kupikia watu mia, na mara moja mlango mzima wa nyumba ukiwa na kufuli yake. Mamba walikuwepo. Tulikuwa na mlinzi wa kuwatazama akiwa juu ukutani, mzee mmoja wa Mbeere aliyekuwa anatuambia kwa utulivu mkubwa, "Leo ni wawili tu."

Kulikuwa pia na kazi ambayo haikuandikwa kwenye barua ya ajira. Watu wa vijiji vya karibu walipopotelewa na mtu majini, walikuja kwetu. Mmoja nitamtaja. Alikuwa mfugaji, alijaribu kuvuka kwa mitungi ya plastiki iliyofungwa pamoja ili afuate mbuzi waliokuwa ng'ambo. Nilimtafuta siku mbili kwa mikono, nikizunguka kwa kamba, na siku ya pili mkono wangu uligusa shati. Nilipomleta juu kaka yake alisaidia kumfunika, kisha akaniuliza kule chini alikuwa amefumba macho au la. Kusema kweli, kule chini hakuna kuona chochote. Nilimwambia alikuwa amefumba. Yule mtu aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akakaa chini kwenye mawe. Uongo ule sijawahi kuujutia. Nawaambia mapema ili mjue kwamba naweza kutofautisha uongo na uongo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Kirimi na mimi tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka saba. Mimi nilikuwa nimewekwa kuwa mkubwa wa wazamiaji, maana yake ni kwamba nilikuwa naweka sahihi kwenye kitabu. Kila mtu aliyeshuka, aliandikwa ameshuka mita ngapi, dakika ngapi, na ni lini anaruhusiwa kuondoka bwawani. Kirimi alikuwa anaoa Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisani kwao Ruiri. Bibi arusi aliitwa Makena, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa bwana arusi. Suti yangu ilikuwa imening'inia ofisini tangu Jumatatu, na kila aliyepita aliigusa.

Alhamisi gogo kubwa lilikwama kwenye lango la chini, na mvua ilikuwa inakaribia. Lilikuwa kina cha mita thelathini. Ilikuwa zamu yangu kushuka. Lakini nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na mtu mwenye mafua akishuka kina kile masikio yanapasuka. Kirimi akasema atashuka yeye.

"Wewe una harusi," nikamwambia.

"Harusi ni Jumamosi. Leo ni Alhamisi."

Alishuka Alhamisi mara moja na Ijumaa mara mbili. Mara ya mwisho alitoka majini Ijumaa saa kumi jioni, gogo likiwa limekatwa na lango limefungwa. Alikuwa amechoka lakini anacheka kwa mabega.

Lazima nieleze jambo moja kwa yeyote asiyezamia. Ukiwa chini, hewa unayovuta inasukumwa na uzito wa maji mpaka inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu inatoka taratibu. Ukipanda haraka inatoka kama soda iliyotikiswa ikifunguliwa, na yale mapovu yakiingia kwenye uti wa mgongo mtu anaweza asitembee tena. Na hata ukishatoka majini salama, hewa nyingine inabaki mwilini kwa saa nyingi. Ukipanda mlima kabla haijaisha ni sawa na kwamba umepanda kutoka majini kwa haraka. Bwawa letu liko chini, kwenye joto. Meru iko juu. Kanuni tuliyotoka nayo Shimoni ilikuwa kwamba baada ya kazi ya kina kile, mtu akae chini usiku na mchana mzima kabla ya kupanda.

Usiku na mchana kutoka Ijumaa saa kumi ni Jumamosi saa kumi. Ibada ilikuwa saa nne.

Nilikaa na kitabu mbele yangu muda mrefu kidogo. Kirimi alikuwa anafunga viatu. Hakuniuliza kitu. Nikaandika kwamba anaruhusiwa kuondoka Jumamosi alfajiri, nikaweka sahihi.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi na pikapu ya ofisi, mimi nikiendesha. Tulipita Embu, tukapita Chuka, barabara ikipanda na kushuka na kupanda tena. Karibu na Nkubu alianza kujikuna mabega. "Ni hii suti," akasema. "Fundi ameacha sindano ndani." Tulipovuka mji wa Meru alikuwa anapiga mapaja yake kwa ngumi, polepole, kama mtu anayeamsha mguu uliokufa ganzi. Nilimwuliza anasikiaje. Akasema ni wasiwasi wa harusi. Nilitaka sana iwe ni wasiwasi wa harusi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Aliingia akitembea vizuri, akala kiapo kwa sauti ya kusikika, akavisha pete. Kisha mchungaji akawaambia wapige magoti wabarikiwe. Wakapiga magoti. Mchungaji akaomba kwa muda, kama wanavyoomba wachungaji wa kwetu, na aliposema amina Makena akainuka. Kirimi hakuinuka.

Watu wakacheka kidogo. Mama mmoja nyuma akasema, "Ameona uzito wa ndoa mapema." Kirimi alishika kiti akajaribu tena. Aliinua macho akanitazama mimi, si bibi arusi wala mchungaji, akasema kwa sauti ya chini, "Njeru, miguu haipo."

Tulimbeba. Katika hospitali moja mjini Meru tulimpata daktari kijana, msikivu, ambaye nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii nimeisoma tu," akasema. "Sijawahi kuiona. Mnaitibu vipi?"

"Kuna chumba cha shinikizo pwani. Mtu anawekwa ndani anarudishwa kama yuko chini ya maji, kisha anapandishwa taratibu."

"Una njia ya kuwafikia?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye daftari langu, nambari ya simu kwa mwandiko wa Mwalimu Bakari mwenyewe. Alikuwa ameandika kwenye daftari la kila mmoja wetu siku ya mwisho ya mafunzo. Daktari akapiga simu, akaongea nao, akamwekea Kirimi oksijeni na dripu, akatupa ambulensi. Dereva aliitwa Mutwiri, mtu wa makamo aliyependa gari lake kuliko abiria.

Makena alipanda nyuma akiwa na gauni lake la harusi. Shangazi yake alimfuata mlangoni akamwambia abaki, abadilishe nguo, asubiri habari.

"Nimeapa saa moja iliyopita," Makena akasema. "Kwa afya na kwa ugonjwa. Hata mate hayajakauka, shangazi. Funga mlango."

Mutwiri aliwasha gari akachukua barabara ya Nairobi. Nikamwambia hapana, apite Mitunguu, ashuke Tharaka, apite Ishiara, avuke kwenye mabwawa, aende Kitui mpaka Kibwezi ndipo aingie barabara ya Mombasa.

"Bwana, Nairobi ni lami mpaka baharini," akasema. "Huko unakotaka nipite ni mawe. Nitamfikisha mgonjwa au nitafikisha matairi?"

"Nairobi iko juu. Kila tukipanda anazidi kuumia."

"Mlima mdogo utamfanya nini mtu aliyelala?"

Kabla sijamjibu tulipanda kilima kimoja nje ya mji, kilima kisicho na jina. Nyuma Kirimi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake miaka yote ile. Tulipoanza kuteremka upande wa pili ikanyamaza. Mutwiri alisikia mwenyewe. Alikata kushoto kwenye barabara ya Mitunguu na hakuniuliza tena kuhusu matairi.

Njia ile nisiwachoshe nayo. Vumbi liliingia kila mahali. Makena aliweka kichwa cha Kirimi mapajani, akishika barakoa ya oksijeni isitoke gari linaporuka, na gauni likawa rangi ya udongo wa Tharaka, kisha rangi ya udongo wa Mbeere, kisha rangi nyekundu ya Kitui. Kila kijiji tulichopita watu walisimama kutazama bibi arusi ndani ya ambulensi. Tulipofika chini kabisa, kwenye joto, Kirimi alisema anahisi kidole kimoja cha mguu wa kulia. Makena akaifunga barakoa vizuri, akajongea miguuni, akakishika kidole hicho, hakukiachia mpaka Kibwezi.

Tulifika pwani Jumapili asubuhi. Waliokuwa kwenye kile chumba walikuwa tayari. Kinafanana na tangi kubwa la chuma lenye dirisha dogo la mviringo. Walimwingiza, wakafunga, mashine zikaanza kusukuma hewa. Mimi na Makena tulikaa kwenye benchi nje. Kwenye koti langu bado kulikuwa na ua la harusi.

Mkuu wa pale alikuja na karatasi, mtu mstaarabu, akauliza maswali ya kawaida. Kina. Muda. Saa aliyotoka majini. Saa tuliyoanza kupanda. Akaacha kuandika.

"Mlifundishwa na nani?"

"Mwalimu Bakari wa Wasini."

"Bakari namfahamu. Hakuwaambia habari ya kupanda milima baada ya kuzamia?"

Makena aligeuka akanitazama. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anataka tu kujua, kama mke anavyotaka kujua, kwa nini mumewe yuko ndani ya tangi la chuma. Ningeweza kusema kweli pale. Yalikuwa maneno matatu tu.

"Hapana," nikasema. "Hilo hakutuambia."

Yule mtu akaandika.

Kirimi aliwekwa kwenye chumba kile mara nyingi kwa wiki mbili. Siku ya nne alisimama akishikwa. Siku ya kumi alitembea kwa fimbo. Mguu wa kulia ulirudi wote. Wa kushoto ulirudi nusu, na nusu hiyo ndiyo anayotembea nayo mpaka leo. Kuzamia kulikwisha. Kampuni ilimfanya mtu wa kamba, na nyinyi mlioshuka Kirimi akiwa ameshika kamba juu mnajua kwamba alikuwa anasikia pumzi zenu kupitia kwenye uzi. Uchunguzi wa ofisi ulitumia yale maneno yaliyoandikwa pwani. Ripoti ilisema wazamiaji hawakuwa wamepewa mafunzo kuhusu miinuko. Nilisaini hiyo pia. Ripoti ikasema kampuni itatafuta mkufunzi mwingine, na barua ya kueleza sababu ikapelekwa Wasini.

Mimi niliendelea na kazi. Niliwafundisha waliokuja nyuma yetu, na somo la kwanza kabisa, kabla mtu hajagusa mtungi, lilikuwa la mlima. Nilikuwa mkali mno kwa hilo, wengi wenu mlinichukia. Nilimzuia mmoja asiende kumzika babu yake. Mlidhani ni kwa sababu ya ajali ya Kirimi. Ilikuwa kwa sababu hiyo na kwa sababu nyingine.

Miaka sita ilipita hivyo. Kisha siku moja mchana, Kirimi na mimi tukiwa tumekaa ukutani tunangoja mzamiaji mmoja amalize, nilimwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwamba nilipoweka sahihi ile nilikuwa najua, na kwamba niliulizwa pwani nikamsingizia Mwalimu.

Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye kamba.

"Najua ulijua," akasema. "Tulikaa darasa moja, Njeru. Na mimi nilijua. Nilikuwa nafunga viatu naomba Mungu usinikataze."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Mimi nilijiumiza mwenyewe, hilo nimeshamalizana nalo. Lakini yule mzee hatukumtendea vizuri." Akavuta kamba mara moja, akangoja jibu kutoka chini, akalipata. "Twende."

Tulienda watu watatu, mimi na Kirimi na Makena, ambaye tulikuwa tumeshamweleza. Tulivuka kutoka Shimoni asubuhi. Mwalimu Bakari alikuwa amezeeka, amekonda, lakini alitutambua kabla hatujafika mlangoni. Aliutazama mguu wa Kirimi kwanza, jinsi unavyokanyaga, kisha akatukaribisha. Binti yake aliyekuwa ametoka ufukweni na mapezi ya mpira mkononi alituletea kahawa akaondoka.

Nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikianza na habari za safari sitafika. Nilimwambia maneno niliyosema na mahali nilipoyasema. Alisikiliza akitazama kikombe chake.

"Ile barua yenu niliipata," akasema. "Niliisoma, nikasema labda wamekosea. Nikaisoma tena. Nikajaribu kukumbuka siku zile zote, moja moja. Nilikuwa nimefundisha watu wengi, mwanangu, na umri ulikuwa umeanza kunivamia. Nikasema, huenda kweli niliruka. Watu wa milimani, na mimi nikasahau mlima." Aliweka kikombe chini. "Hakuna aliyenifukuza. Niliacha mwenyewe. Niliogopa nitasahau kingine, afe mtoto wa mtu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimefikiri tulimnyima kazi. Sikujua tulimnyima imani kwa akili yake mwenyewe.

"Hukusahau, Mwalimu," nikasema. "Ilikuwa wiki ya pili, kwenye ngazi za gati la Shimoni, baada ya chakula cha mchana. Ulichukua chaki ukachora Mlima Kenya ubavuni mwa mtungi, bwawa chini yake. Ukamwuliza Kirimi nyumbani kwao ni wapi, ukaweka alama. Ukaniuliza mimi, ukaweka alama nyingine juu zaidi. Ukasema, nyinyi wawili kwenu ni juu kuliko wanakoruka ndege, kwa hiyo hamtakwenda nyumbani siku mliyozamia, hata mama akifa. Ulisema hivyo, hata mama akifa. Ukatufanya turudie."

Kirimi akasema, "Mara tatu."

"Mara tatu," nikasema.

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Kisha akainuka, akishika ukuta, akaenda mlangoni akamwita binti yake kwa jina. Yule binti akaja akasimama pale, mikono ina maji.

"Huyu ndiye anayewafundisha watu kuzamia hapa sasa," Mwalimu akaniambia. "Kwa miaka sita nimemwambia asinifuate mimi, atafute vitabu, kichwa changu si cha kutegemewa. Mwambie yeye. Anza tena, kutoka kwenye gati."

Nikainuka, kwa kuwa ilionekana si jambo la kusema umekaa, nikaanza tena kutoka kwenye gati.